Ishara Isiyo na Sahihi: Kutoka Mchezo wa Simu Hadi Anga la Kivu

Mwaka 2016, vijana waliokuwa wakicheza Pokémon Go mjini Moscow walikutana na jambo ambalo serikali yao haikuwa imelitangaza. Kila walipokaribia kuta za Kremlin, simu ziliwaonyesha kuwa hawako tena katikati ya jiji. Ghafla walikuwa uwanja wa ndege wa Vnukovo, karibu kilomita 30 kutoka pale waliposimama. Waliotumia ramani za simu kutafuta njia walilalamika vivyo hivyo. Maelezo yaliyokubalika zaidi baadaye ni kwamba droni nyingi za kiraia zimepangwa zikatae kuruka karibu na viwanja vya ndege. Ukiidanganya droni kwamba iko Vnukovo, itagoma kuruka au itatua yenyewe. Kwa maneno mengine, kulikuwa na mtambo katikati ya mji mkuu uliokuwa ukirusha mawimbi ya uongo ya setilaiti, na miongoni mwa wa kwanza kuyaona walikuwa watu waliotaka tu kukamata wanyama wa kuchora kwenye simu zao.

Nimeanza na Moscow kwa sababu pale yalikutana mambo matatu ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye kurasa tofauti: michezo ya kompyuta, usalama wa programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu), na ugomvi wa mataifa juu ya anga. Leo ndege za abiria zinapotea njia juu ya Iraki, Baltiki na Kivu Kaskazini kwa hila ileile. Kila inapotokea, wapo wanaopenda kuwanyooshea kidole wachezaji watundu na watunzi wa programu waliomwaga siri hadharani. Mimi nasema lawama hiyo imeelekezwa kusiko. Udhaifu huu dola ziliujua mapema, zikauacha, na baadhi yao sasa zinautumia kama silaha.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu GPS yenyewe, mfumo wa setilaiti unaokuambia uko wapi, iliwafikia raia kutokana na msiba wa anga. Tarehe 1 Septemba 1983, ndege ya Korea Kusini, Korean Air Lines 007, ilikuwa ikitoka New York kwenda Seoul kupitia Anchorage. Uchunguzi uliokamilishwa mwaka 1993 na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, ulionyesha kuwa mtambo wa kujiendesha uliachwa ukifuata mwelekeo mmoja wa dira badala ya njia iliyopangwa, na marubani hawakugundua. Ndege iliacha njia yake polepole, ikapita juu ya rasi ya Kamchatka, ikafika Sakhalin ikiwa imepotoka kwa zaidi ya kilomita 500. Ndege ya kivita ya Kisovieti aina ya Su-15 iliitungua. Watu wote 269 walikufa.

Siku chache baadaye serikali ya Rais Ronald Reagan ilitangaza kuwa mfumo wa GPS, uliokuwa ukijengwa kwa ajili ya jeshi la Marekani, ungetolewa bure kwa matumizi ya kiraia utakapokamilika. Mwaka uliofuata nchi wanachama wa ICAO ziliongeza kifungu cha 3 bis kwenye Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga, kinachozitaka nchi zisitumie silaha dhidi ya ndege za kiraia zilizo safarini. Hivyo ndivyo dunia ilivyojibu vifo vile: rubani asipotee tena, na akipotea asiuawe. Mfumo ulikamilika mwaka 1995, lakini Marekani iliendelea kuupotosha kwa makusudi kwa watumiaji wa kiraia hadi Mei 2000, ilipoondoa upotoshaji huo. Mara tu ulipoondolewa, mtu mmoja huko Oregon alificha ndoo porini, akatangaza mtandaoni mahali ilipo kwa namba za GPS, na mchezo wa kusaka vitu vilivyofichwa ukazaliwa. Michezo ilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza wa zawadi hiyo.

Lakini zawadi ilikuja na kasoro. Setilaiti za GPS ziko umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi. Kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo, na kipokezi chako kinalinganisha mawimbi ya setilaiti nne au zaidi ili kujua kiko wapi. Mawimbi hayo yakifika ardhini huwa dhaifu mno, dhaifu kuliko kelele za kawaida za redio, kwa hiyo mtambo mdogo tu ulio karibu unaweza kuyafunika. Huko ndiko kuvuruga, na angalau rubani hujua kwamba amepoteza mawimbi. Kughushi ni kubaya zaidi. Muundo wa ishara ya kiraia umechapishwa wazi, na ishara yenyewe haina sahihi yoyote inayothibitisha kuwa imetoka kwa setilaiti ya kweli. Ishara ya kijeshi ina ulinzi huo. Ya raia haina. Ni sawa na mtendaji wa mtaa kupokea barua yoyote isiyo na muhuri na kuitekeleza kwa sababu tu imeandikwa kwa mpangilio unaotakiwa. Kipokezi hakiulizi nani anasema. Kinauliza tu kama maneno yamepangwa vizuri.

Dola zilijua. Mwaka 2001 kituo cha utafiti cha Volpe, kilicho chini ya wizara ya uchukuzi ya Marekani, kilitoa ripoti iliyoonya kuhusu kuvurugwa na kughushiwa kwa GPS. Mwaka 2013 Profesa Todd Humphreys wa Chuo Kikuu cha Texas pamoja na wanafunzi wake waliipotosha njia boti ya kifahari yenye urefu wa mita 65 katika bahari ya Mediterania, kwa ruhusa ya wenyewe, bila king'ora hata kimoja kulia. Mwaka 2017 meli zipatazo 20 karibu na bandari ya Urusi ya Novorossiysk zilijiona ziko kwenye uwanja wa ndege, nchi kavu. Taasisi ya C4ADS ya Washington ilichunguza jambo hili, na mwaka 2019 ikaripoti matukio 9,883 yaliyoathiri meli 1,311, mengi yakiandamana na safari za viongozi wa Urusi na maeneo yao ya kijeshi.

Sasa tuje kwa wachezaji. Julai 2016 Pokémon Go ilipotoka, ilimlazimu mchezaji atembee kweli barabarani. Baadhi hawakutaka kutembea. Wengi walitumia programu za kuidanganya simu kwa ndani, lakini wachache walienda mbali zaidi: walichukua redio inayoendeshwa kwa programu, inayouzwa kwa dola mia chache, wakaiunganisha na msimbo huria uliochapishwa mtandaoni kwa ajili ya kuigiza mawimbi ya GPS, wakairushia simu yao ishara za uongo mezani. Simu ikaamini iko New York. Mchezo ukaamini. Na redio ile, kama ingeongezewa nguvu na kupelekwa karibu na uwanja wa ndege, ingeweza kumsumbua rubani.

Hapo ndipo hoja ya kufungia msimbo inapoanzia. Husemwa kwamba laiti wale watunzi wasingeuchapisha, hila hii ingebaki mikononi mwa majeshi peke yake. Naielewa hofu hiyo. Lakini tazama tarehe. Onyo la Volpe lilitangulia msimbo ule kwa miaka mingi. Na mtambo wa Kremlin haukutengenezwa na kijana mwenye redio ya dola mia chache. Majeshi yenye uwezo wa kughushi GPS hayakusubiri mtu awape mfano mtandaoni. Walioufaidi msimbo ule wa wazi ni watafiti wa vyuo na watengenezaji wa vipokezi, ambao kwa mara ya kwanza waliweza kujaribu vifaa vyao dhidi ya ishara bandia bila kununua mtambo wa maabara wa bei ya juu.

Ulimwengu wa programu huria wenyewe umelipia somo kama hili, tena mara moja kupitia mchezo. Desemba 2021 wachezaji wa Minecraft, toleo la Java, waligundua kuwa ukiandika mstari fulani kwenye sehemu ya maongezi ndani ya mchezo, unaweza kuiamuru kompyuta ya mtu mwingine ifanye utakalo. Chanzo hakikuwa mchezo. Kilikuwa Log4j, maktaba ya programu inayoandika kumbukumbu za matukio, iliyotunzwa na watu wachache wa kujitolea chini ya Wakfu wa Apache na kutumiwa na makampuni na serikali kila pembe ya dunia. Log4j ilipokuta maneno yenye mpangilio fulani ndani ya kumbukumbu, haikuyaandika tu; iliyafuata, ikaenda kwenye seva ya mbali iliyotajwa, ikachukua msimbo na kuuendesha. Mhandisi wa kampuni ya Kichina ya Alibaba alikuwa ameshawaarifu Apache mwishoni mwa Novemba. Udhaifu huo ulipewa alama 10 kati ya 10 kwa hatari, na wizara ya ulinzi ya Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa walioshambuliwa kabla mwaka haujaisha.

Ugonjwa wa Log4j na ugonjwa wa GPS ni mmoja: chombo kinachotii ujumbe bila kuuliza umetoka kwa nani. Tofauti ni namna ulivyotibiwa. Kwa Log4j, marekebisho ya kwanza yalitoka ndani ya wiki chache, yakaonekana hayatoshi, yakatoka mengine na mengine, yote hadharani, kila mtu akiyakagua. Kwa GPS ya kiraia, robo karne baada ya onyo la Volpe, ndege iliyokupeleka safari yako ya mwisho huenda bado inategemea ishara isiyo na sahihi.

Najua nitaulizwa kuhusu XZ, programu huria ndogo ya kubana mafaili iliyopenyezwa mlango wa siri, na ni swali la haki. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuchangia mradi huo mwaka 2021. Mtunzaji wake, Lasse Collin, aliufanya kwa kujitolea, bila malipo, na akaunti nyingine zisizojulikana zilimsonga kwa malalamiko kwamba anachelewa na ampe mtu mwingine nafasi. Jia Tan akaaminiwa, akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Mapema mwaka 2024 matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ambao ungemruhusu mwenye ufunguo kuingia kwenye seva za Linux. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayechangia mradi wa hifadhidata wa PostgreSQL, aliitangazia dunia alichokigundua. Kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kukichelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakupuuza nusu sekunde hiyo. Akafuatilia mpaka akafika kwenye chanzo.

Wapo wanaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba uwazi ni hatari. Lakini angalia ni wapi hasa sumu ilifichwa. Sehemu kubwa iliwekwa ndani ya mafaili ya majaribio ambayo jicho la binadamu haliwezi kuyasoma, na kipande cha kuiamsha kiliwekwa kwenye kifurushi cha kupakua tu, hakikuwemo kwenye hazina ya msimbo ambako kila mtu hutazama. Mhalifu alijificha mahali ambapo uwazi ulikatika. Na aliyemkamata alifaulu kwa sababu aliweza kufungua kila kitu na kukisoma, bila kuomba kibali cha mtu. Programu ya siri yenye ucheleweshaji wa nusu sekunde ingemfikisha kwenye dawati la huduma kwa wateja na pale ingeishia.

Uwazi huohuo ndio umetuwezesha kuona kinachoendelea angani. Ndege za kisasa hujitangaza zilipo kupitia mfumo wa ADS-B, na watu wa kujitolea katika nchi nyingi wameweka antena nyumbani, wakitumia programu huria kusoma matangazo hayo. Pamoja na mahali ilipo, ndege hutangaza pia ina uhakika kiasi gani na mahali hapo. Watafiti wakagundua kwamba pale uhakika unapoporomoka kwa ndege nyingi kwa pamoja, kuna mtu anavuruga mawimbi. Ramani zikachorwa, na leo mtu yeyote anaweza kuona maeneo yaliyoathirika kuzunguka Bahari Nyeusi, Baltiki na mashariki ya Mediterania. Halazimiki kusubiri serikali yake imwambie.

Na ndani ya chumba cha rubani hali ikoje? Septemba 2023 kundi la OPSGROUP, linalowakusanya marubani na wasimamizi wa safari za ndege, lilianza kupokea taarifa kutoka anga la Iraki, karibu na mpaka wa Iran. Ndege za abiria na za binafsi zilionyeshwa kuwa ziko kwingine kabisa. Ndege moja ndogo ilikaribia kuingia anga la Iran bila kibali. Wafanyakazi wa ndege kubwa aina ya Boeing 777 ilibidi wawaulize waongoza ndege wa Baghdad saa ngapi na wako wapi. Naomba msomaji aisome sentensi hiyo mara ya pili akiikumbuka Korean Air 007. Mfumo uliotolewa kwa raia ili rubani asiingie nchi ya watu bila kujua, sasa ndio unaotumiwa kumwingiza. Ripoti ya kundi hilo ya Septemba 2024 ilisema ndege zilizokumbwa na ughushi ziliongezeka kutoka takriban 300 kwa siku mwezi Januari hadi 1,500 mwezi Agosti.

Madhara hayaishii kwenye ramani. Ndege za abiria zina kifaa kinachomwonya rubani akielekea kugonga ardhi au mlima, kilichoboreshwa kwa miongo na mhandisi Donald Bateman wa Honeywell. Kimeokoa maisha mengi kuliko karibu kifaa kingine chochote cha usafiri wa anga. Kifaa hicho hulinganisha ramani ya milima iliyomo ndani yake na mahali ndege ilipo, na mahali hapo hupewa na GPS. Ishara ikighushiwa, kinapiga kelele kwamba mlima uko mbele huku ndege ikiwa salama kilomita kumi juu ya ardhi. Marubani wameanza kukizoea na kukizima. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu ndege hiyohiyo itafika baadaye mahali penye mlima wa kweli.

Kuna pia suala la saa. GPS hutoa wakati pamoja na mahali. Mwaka 2024, katika mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta DEF CON, Ken Munro wa kampuni ya Pen Test Partners alieleza kisa cha ndege ya shirika kubwa la Magharibi ambayo saa zake zilirushwa miaka mbele. Vyeti vya kidijitali vinavyolinda mawasiliano ya ndege hiyo vilikataa kufanya kazi, na ikakaa chini kwa wiki kadhaa ikirekebishwa. Tazama mzunguko wenyewe: mawasiliano yaliyolindwa kwa sahihi yaliangushwa na saa isiyolindwa na sahihi yoyote.

Huko Estonia, Aprili 2024, ndege mbili za Finnair zilizokuwa zikienda Tartu zilirudi Helsinki kwa sababu njia ya kutua ilitegemea GPS na mawimbi yalikuwa yamevurugwa. Shirika likasitisha safari hizo hadi mwisho wa Mei, mpaka ilipowekwa njia ya kutua isiyotegemea setilaiti. Estonia iliilaumu Urusi. Desemba 25 mwaka huohuo hali ilikuwa mbaya zaidi. Ndege ya Azerbaijan Airlines iliyokuwa ikienda Grozny ilipoteza mawimbi ya GPS, ikahangaika kutua, ikapigwa na vipande vya kombora, ikavuka bahari ya Kaspi na kuanguka karibu na Aktau, Kazakhstan. Kati ya watu 67 waliokuwamo, 38 walikufa. Oktoba 2025 Rais Vladimir Putin alikiri kwamba makombora ya Urusi yalilipuka karibu nayo. Anga ambalo mtu mmoja amelijaza kwa wakati mmoja makombora ya kujihami na mawimbi ya kuvuruga ya kujikinga na droni halina nafasi ya ndege ya abiria, na ilipaswa kufungwa.

Kwetu jambo hili limeshafika, ingawa sioni likiandikwa kwa uzito unaostahili. Mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia Congo waliripoti kuvurugwa na kughushiwa kwa GPS huko Kivu Kaskazini, katika maeneo yaliyoshikiliwa na waasi wa M23 na jeshi la Rwanda, na Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Congo, aliliambia Baraza la Usalama kwamba hali hiyo inahatarisha usalama wa ndege. Rwanda imekuwa ikikana kuiunga mkono M23 na kusema inachukua hatua za kujilinda. Sina haja ya kurudia mjadala mzima wa vita hivyo hapa. Nataka tu msomaji aifikirie Goma yenyewe. Uwanja wake uko mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari, na kaskazini yake kuna Nyiragongo yenye urefu wa mita 3,470, na Nyamulagira yenye zaidi ya mita 3,000. Lava ya mwaka 2002 iliwahi kuufunika sehemu ya uwanja huo. Mawingu hapo si jambo la kushangaza. Rubani anayepeleka dawa katika eneo hilo anakitegemea kilekile kifaa cha kuonya milima nilichokieleza juu, na mtu fulani ameamua kukidanganya.

Sheria inasemaje? Kifungu cha kwanza cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinaipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga lake. Lakini wimbi la redio halisimami mpakani, na mkataba ule uliandikwa na watu waliofikiria ndege na makombora. Kifungu cha 3 kinazitaka nchi zijali usalama wa ndege za kiraia zinapotunga kanuni za ndege zao za kijeshi, lakini mtambo wa kuvuruga ulioko juu ya lori si ndege. Ukienda Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, utakuta kanuni zinazokataza mwingiliano wenye madhara, kisha kifungu cha 48 cha katiba yake kinazipa nchi uhuru kamili juu ya mitambo ya redio ya kijeshi, na kuzitaka zifuate kanuni kadiri inavyowezekana tu. Maneno hayo ya mwisho yamefungua mlango ambao lori zima linapita. Machi 2025 ICAO, ITU na Shirika la Kimataifa la Bahari yalitoa tamko la pamoja la kuonyesha wasiwasi mkubwa. Tamko la wasiwasi halimzuii mtu mwenye mtambo.

Kwenye anga la Somalia ugomvi huu umechukua sura nyingine, ya sauti. Kwa zaidi ya miaka 20 anga hilo liliongozwa kutoka Nairobi chini ya ICAO, hadi Mogadishu ilipolirudisha mikononi mwake mwishoni mwa 2017. Januari 2024, Ethiopia na Somaliland zilipotia saini makubaliano yao ya bahari, Somalia iliirudisha ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland. Mwezi uliofuata marubani walianza kusikia maelekezo yanayopingana kwenye masafa ya redio, Mogadishu ikisema kuna wasioruhusiwa wanaojifanya waongoza ndege wake, Hargeisa ikidai haki ya kuliongoza anga lake. Sauti ya redio nayo haina sahihi. Rubani wa Doha au Addis Ababa hawezi kuamua mgogoro wa utaifa wa Somaliland akiwa katika futi 38,000, na asilazimishwe kuuamua.

Ni kipi kifanyike? Kwanza, tuache kuvunja minara ya zamani. Kwa sababu GPS ni ya bure, nchi nyingi zimekuwa zikizima vituo vya ardhini vya kuongoza ndege ili kuokoa fedha. Uingereza ilizima mtambo wake wa eLoran, unaoonyesha mahali kwa mawimbi ya redio kutoka ardhini, mwishoni mwa 2015. Korea Kusini, yenye jirani anayevuruga mawimbi yake mara kwa mara, iliendelea kuwekeza kwenye mfumo wa namna hiyo. Marekani imepunguza vituo vya VOR, vya redio za ardhini za kuongoza ndege, lakini ikaamua kubakiza mtandao wa kutosha kwa dharura. Tanzania ilinunua rada nne za kiraia kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na wakati ule wapo waliouliza kwa nini tutumie mabilioni wakati ADS-B ni rahisi zaidi. Jibu ni hili: rada hupima yenyewe ndege iko wapi. ADS-B hupokea tu kile ndege inachoamini, na ndege iliyodanganywa itamdanganya na mwongoza ndege. Nchi za ukanda huu zinazofikiria kuruka hatua ya rada zipime uamuzi huo upya.

Pili, sahihi. Mfumo wa Ulaya wa Galileo mwaka 2025 ulianza rasmi kutoa ishara za kiraia zinazoweza kuthibitishwa kwa sahihi ya kidijitali, bure, na maelezo yake yamechapishwa ili yeyote atengeneze kipokezi. Haizuii kuvurugwa, na mtu anaweza kuirekodi ishara ya kweli na kuirusha tena kwa kuchelewesha. Lakini inamfanya mwongo afanye kazi ngumu zaidi, na inaonyesha kwamba uwazi na usalama vinakaa nyumba moja. Tatizo ni ndege zenyewe. Vipokezi vilivyoidhinishwa kwa ajili ya ndege za abiria hubadilishwa kwa miaka mingi, na hakuna shirika la ndege litakalogharamia kabla halijalazimishwa na wasimamizi. Simu ya mkononi inaweza kuanza kukagua sahihi hiyo kabla ya ndege iliyobeba watu 200, na jambo hilo halikubaliki.

Tatu, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda ni mwanachama tangu 2007, Congo tangu 2022. Jumuiya ina chombo chake cha usalama wa usafiri wa anga, CASSOA, chenye makao Entebbe, ng'ambo tu ya ziwa kwa Watanzania wa Bukoba na Mwanza. Hakihitaji jeshi wala azimio la New York kuanza kazi. Antena za kupokea ADS-B ni za bei nafuu, programu za kuzisoma ni huria, vijana wa vyuo vyetu wanaojua kuziendesha wapo, na njia ya kugundua kuvurugwa kwa mawimbi imeshaelezwa hadharani na watafiti. Antena zikiwekwa Kigoma, Bukoba, Bujumbura, Kigali, Entebbe na Bukavu, chombo hicho kinaweza kuchapisha kila wiki ramani ya wapi mawimbi yamevurugwa, saa ngapi na kwa muda gani, na kila rubani anayeelekea Maziwa Makuu akaisoma kabla ya kuwasha injini. Serikali itakayokataa antena isiwekwe kwenye ardhi yake ieleze sababu mbele ya wenzake mezani Arusha.